Jiwe la Fundi Saa

Fundi Saa alipofariki aliacha saa tatu za watu mezani, zote zimefunguliwa matumbo, na vyambo saba vya ngisi ndani ya kopo la biskuti. Saa zilirudi kwa wenyewe kabla ya wiki kwisha, kila moja na kijibarua cha kuomba radhi kilichoandikwa na mjane wake kwa mwandiko ulionyooka, kwa sababu nyumba ile haikuwa nyumba ya kukaa na kitu cha mtu. Kopo la biskuti hakuna aliyeliulizia. Dada wa marehemu alilichukua kimya kimya akaliweka chini ya cherehani yake.

Dada huyu mtaa mzima ulimwita Shangazi. Kwa haki alikuwa shangazi wa watoto watatu tu, wa kaka yake, nao walikuwa wameshakua na kwenda mbali. Lakini jina lilitoka mlangoni likateremka kichochoro kizima, hata watu wazima waliomzidi umri wakamwita hivyo bila kucheka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye pini mbili za kushonea ukosini wakati wote, kama cheo. Hakuolewa. Posa ilikuja mara moja ikarudi ilikotoka, na kwa kuwa mwenyewe hakuisema, haisemwi hapa.

Alilelewa na kaka yake. Wazazi walipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na mitano na yeye minane. Kabla ya kujifunza saa, kaka alijifunza mwamba wa pwani. Alimkalisha mdogo wake mahali pakavu, akamfunga kitambaa cha kichwa kwa mikono isiyojua kufunga, akavua mpaka wapate cha kula. Shangazi hakukumbuka njaa ya siku zile. Alikumbuka jiwe lilivyokuwa na uvuguvugu chini ya mapaja yake, na mgongo wa kaka yake mbele yake, ukiinama na kunyooka: vuta, vuta, acha.

Nyumba yao ilikuwa ya juu kabisa katika kichochoro cha ngazi. Kutoka mlangoni hadi chini zilikuwa ngazi mia moja na kumi na mbili, kisha njia ya mawe, kisha mwamba wenyewe. Chumba cha mbele kilikuwa cha saa, chenye taa ya kuinama na droo ndogo ndogo kama mzinga wa nyuki. Chumba cha nyuma kilikuwa cha cherehani. Katikati, penye meza ya kulia chakula, alitawala Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mke wa Fundi Saa. Alifundisha miaka thelathini akastaafu akiwa mwalimu mkuu, na nguo zake zilipigwa pasi hata siku ya kufua. Aliamini kwamba jina la nyumba ni kama kioo cha saa: kikipata mkwaruzo, hata saa ikisema kweli, watu watatazama mkwaruzo. Yeye na Shangazi waliitana wifi tangu siku ya kwanza, wakakaa chini ya paa moja miaka thelathini na moja bila kurushiana neno zito. Neno jepesi lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la chumvi.

Chumvi ya nyumba ile haikukaa. Pakiti ikifunguliwa leo, wiki ya tatu unakung'uta mfuko. Mwezi wa kwanza wa ndoa, Mwalimu, bado bibi harusi na bado mgeni jikoni, aliinua kopo tupu akauliza nani kamaliza chumvi. Shangazi alijua nani. Jana yake alimwona kaka yake akipita kuelekea uani, pindo la shati limebeba kitu kizito na cheupe. Kaka aliweka kidole mdomoni.

"Ya miguu," alinong'ona. "Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe Jumamosi."

Ikaeleweka. Mwamba unakata nyayo, na maji ya chumvi yanaponya. Basi bibi harusi alipouliza, Shangazi alisema, "Ni mimi, wifi. Nina mkono mzito."

Jumamosi ile ilichukua miaka thelathini na moja na haikufika. Mkono mzito wa Shangazi ukawa kichekesho cha nyumba. Mwalimu alikisimulia kwa wageni, kwa wakwe, kwa walimu wenzake: "Wifi yangu ni hodari wa kila kitu, lakini mpe chumvi umkimbie." Watu wakacheka na Shangazi akacheka nao. Jambo la ajabu ni kwamba chakula chake hakikuzidi chumvi hata siku moja; lakini mtu akishakiri kosa, nani atahangaika kuonja? Kaka yake, kila msimu, ngisi wa kwanza alimpelekea yeye, mzima, amefungwa kwenye jani la gazeti. Mtaa ukasema, tazama ndugu wanavyopendana. Walipendana, ndiyo. Lakini Shangazi alijua kwamba ngisi yule alikuwa pia riba ya Jumamosi.

*

Wiki sita baada ya msiba, Kinyozi na Dereva walipanda ngazi zote mia moja na kumi na mbili wakabisha hodi. Walikuwa wavuvi wa mwambani, jirani wa marehemu kushoto na kulia. Kinyozi alikuwa mtu mpole wa magoti mabovu. Dereva alikuwa amestaafu kuendesha malori, akabaki na sauti ya kushindana na injini.

"Mwalimu," alianza Kinyozi, chai ikipoa mkononi, "tumekuja kwa habari ya jiwe."

Akaeleza. Pale mwambani kila kibaraza cha jiwe kilikuwa na mwenyewe, bila karatasi wala muhuri. Mwenyewe akifariki, jiwe lilimngoja mtu wa nyumba yake kwa msimu mmoja wa ngisi. Mtu huyo alitakiwa kutoa ngisi mmoja, mmoja tu, kwa mkono wake, na wino wa ngisi huyo uanguke juu ya jiwe.

"Wino mwingine wote tunauosha kwa ndoo," alisema Kinyozi. "Mwamba mchafu unateleza, halafu ni aibu. Ila wino wa kwanza wa mtu hauoshwi. Unaachwa ukaukie pale. Ndiyo sahihi yake."

"Na msimu ukipita hajapatikana mtu?" aliuliza Mwalimu.

"Jiwe linakwenda kwa anayefuata." Kinyozi alitazama magoti yake. "Anayefuata ni mimi. Langu liko chini, lina utelezi, na miguu hii mnaiona. Nasema mwenyewe ili msije mkasikia kwa watu."

"Umefanya vyema kusema," alijibu Mwalimu. "Watoto wangu wako mbali, na mimi sipandi majabali. Lichukue kwa amani."

"Nitakwenda mimi," alisema Shangazi.

Alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Wote watatu waligeuka kana kwamba sinia ndilo lililosema.

"Wewe, Shangazi?" Dereva alicheka. "Unataka kuwashonea ngisi vifungo?"

"Nimewashonea chambo chao miaka yote hiyo. Wananijua kuliko wanavyokujua wewe."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Chambo cha Fundi Saa kilikuwa kipande cha mti mwepesi kilichochongwa kwa umbo la kamba wa baharini, kidole kirefu kimoja na nusu, chenye kipande cha madini ya risasi kooni cha kukizamisha, na taji la sindano za kupinda mkiani. Macho yake yalikuwa vile vifundo vya ubavuni mwa saa, vya kutilia majira. Nguo yake, iliyobana bila kunyanzi hata moja, ilishonwa na Shangazi kwa masalio ya hariri za wateja.

Wageni walipoondoka, Mwalimu alikusanya vikombe kwa sauti zaidi ya ilivyohitajika.

"Wifi, una miaka hamsini na nane."

"Na tisa."

"Watu watasema marehemu ametuacha na njaa, mpaka dada yake anakwenda kujitafutia kitoweo mwambani. Umelifikiria hilo? Jina lake bado bichi kaburini."

"Watu watasema, wifi. Wakichoka watanyamaza." Kisha, kwa kuwa hakuzoea kujibu hivyo, aliongeza taratibu, "Mimi nilikaa kwenye jiwe lile kabla sijajua kusoma. Akiketi mtu mwingine pale, hata kama ni mtu mwema, nitakuwa sina tena mahali ambapo mgongo wake ulikuwa."

Mwalimu alivigeukia vikombe. Aliosha kikombe kimoja mara mbili.

*

Alianza kushuka kila siku saa kumi jioni, akishamaliza kushona, na skafu kichwani na mshipi umezungushwa kwenye kibao. Siku ya kwanza chambo chake kilinasa kwenye kofia ya Dereva.

"Shangazi! Mimi si ngisi!"

"Samahani, baba. Niliona masharubu nikadhani ni minyiri."

Mwamba mzima ulicheka, na tangu siku hiyo ilieleweka kwamba hakuja pale kuonewa huruma.

Siku ya tano alivuta kitu kizito, akatoa bunju aliyejijaza upepo akawa duara kamili, amekasirika na miiba yote nje. "Mvalishe jezi tucheze!" alipiga kelele Dereva. Alimrudisha majini kwa ncha ya kiatu. Wiki iliyofuata ilikuwa chewa mdogo, kisha tasi. Walikuwa samaki wazuri, lakini hawakuwa na wino, na jiwe lilitaka wino.

Kinyozi ndiye aliyemfundisha, ingawa kila alichomfundisha kilimsogeza yeye mbali na jiwe analolitaka. "Usivute mfululizo, Shangazi. Vuta, vuta, acha. Ngisi hamshiki kamba anayekimbia. Anamshika anayeshuka. Kazi yote iko kwenye kuacha." Na tena: "Sindano hizi hazina kimiba cha kumzuia asichomoke. Ukilegeza mshipi, kwaheri."

Alimpata mmoja wiki ya nne. Uzito haukuja kwa kishindo kama wa samaki. Ulikuja kama kitambaa kilicholowa, taratibu, na ndani ya kile kitambaa kitu kikapumua. Alimwona chini ya maji, mweupe, kisha mwekundu, kisha mweupe. Alishtuka kwa uzuri wake na mkono ukalegea. Maji yakageuka meusi, mshipi ukaja mwepesi. Usiku huo hakula, na Mwalimu, aliyekuwa hazungumzii habari za mwamba, alimwekea chakula chake chini ya kifuniko bila kuuliza.

Mwamba pia ulikuwa na tamaa yake. Chambo kimoja kilibaki kwenye mwani, kingine kwenye ufa, kingine kilikatika hewani kikaenda peke yake. Kufikia wiki ya saba kopo la biskuti lilikuwa tupu.

"Zimebaki siku kama kumi na mbili," alisema Kinyozi, akitazama maji na si uso wake. "Maji yakipata joto wanaondoka."

Shangazi alipanda ngazi akaingia chumba cha saa. Hakuna aliyekuwa amegusa droo. Katika ya chini alikuta miti kumi na mmoja, imechongwa na kusuguliwa, tayari kutiwa risasi na kuvishwa. Kaka yake alikuwa amejiandalia msimu. Aliketi kwenye kiti chake akalia kidogo, kisha akawasha taa ya kuinama, maana mti hauvai nguo kwa machozi.

Kushona kulikuwa kwake. Jinsi ya kutia risasi alikuwa ameiona mara nyingi. Pembeni mwa ua, karibu na kamba ya kuanikia, lilisimama bomba pana la plastiki, limezibwa chini, linafika kifuani kwa mtu mzima, na kifuniko cha sufuria juu. Wageni walidhani limesahauliwa na fundi bomba. Hapo Fundi Saa alikuwa akiteremsha kila chambo kipya kwa uzi mwembamba, saa ya mkono imebanwa sikioni, macho yamefumbwa, akihesabu mlio wake, tiki kwa tiki, mpaka uzi ulegee. Ubavuni mwa bomba, kwa penseli, aliandika: tiki 20. Kikifika chini kabla ya tiki ishirini, alichonga risasi. Kikichelewa, aliongeza.

Maji ya zamani hayakuwamo tena. Siku ya msiba watu walipokuwa wakipanga viti uani, bomba lilipinduliwa likamwagwa likasimamishwa upya, kwa nia njema. Shangazi alilijaza kwa ndoo za maji ya mfereji. Alichukua saa ya kaka yake akaibana sikioni, akafumba macho kama yeye. Kisha alikata risasi kwa kisu, unywele kwa unywele, siku nzima, mpaka vyambo vinne vilipofika chini kwa tiki ishirini, si kumi na tisa, si ishirini na moja. Alikuwa hajawahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Mwambani vilishindwa.

Havikuelea, hapana. Vilishuka, lakini kwa kusuasua, na kabla havijafika walipo ngisi mkondo ukavibeba ukavileta chini ya mwamba. Siku moja, siku mbili, siku ya tatu. Upande wa kulia Dereva alitoa ngisi watatu, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

Kinyozi alichukua chambo kimoja akakipima kiganjani. "Nguo ni ile ile. Umbo ni lile lile. Lakini hakishuki vizuri. Cha marehemu kilikuwa kinashuka kama mtu anayeteremka ngazi anazozijua."

"Nimekihesabu. Ishirini kamili."

"Basi bomba linasema ishirini," alisema Kinyozi kwa huzuni, "na bahari inakataa."

*

Zilikuwa zimebaki siku sita. Mchana, Shangazi aliketi mezani na vyambo vyake vinne mbele yake kama watoto waliofeli. Mwalimu alikuwa jikoni akipika, kwa sababu wifi yake siku hizi alikuwa na kazi, ingawa hakuna aliyekuwa ameitaja kuwa ni kazi.

"Ila nikupe haki yako, wifi," alisema Mwalimu kutoka jikoni. "Pakiti hii ya chumvi niliifungua wiki ya msiba. Huu mwezi wa nne, na bado imejaa nusu. Kumbe mkono wako unaweza kuwa mwepesi! Ingekuwa marehemu yupo, ningemwonyesha."

Shangazi aliinua kichwa.

Akasimama akatoka uani bila viatu. Alifunua kifuniko cha sufuria, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bomba, upande wa ndani, juu ya mahali maji yalipoishia. Kulikuwa na ganda jeupe gumu, la miaka mingi. Alikwangua kwa ukucha, akaonja. Kisha akakwangua tena, akarudi jikoni amenyoosha kidole mbele yake kama mtu aliyebeba mshumaa.

"Wifi, onja."

"Sionji vitu vya kwenye mabomba."

"Onja, nakuomba."

Mwalimu alimtazama usoni, akaona si uso wa mchezo. Akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi."

"Aliniambia ni ya miguu," alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nami nikaamini, sikuuliza tena. Kumbe alikuwa anatengeneza bahari. Maji ya chumvi yanabeba kitu kuliko maji ya ndoo, wifi. Ndiyo maana vyangu vinasuasua. Mimi nimevipima kwa maji ya kunywa."

Mwalimu alikuwa ameshika mwiko. Mchuzi ulianza kushika chini na hakuna aliyeusogeza.

"Subiri," alisema. "Subiri kwanza. Alikuambia lini ni ya miguu?"

Hapo Shangazi alijua amekwisha sema. Neno likitoka halirudi kinywani, wala halina mlango wa nyuma. "Mwezi wa kwanza. Ulipouliza nani, nilikuwa nimemwona. Ulikuwa mgeni, wifi, na ulikuwa mkali kidogo. Sikutaka ugomvi wenu wa kwanza uwe wa chumvi. Alisema atakuambia Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Hakusema."

Mwalimu aliuzima moto. Akavuta kiti akaketi, jambo asilolifanya jikoni.

"Miaka thelathini na moja nimekusema mbele za watu."

"Ulinisema kwa utani."

"Sikukusema kwa utani tu. Siku nyingine nilikuwa na hasira kweli, nikajificha ndani ya utani. Na yeye ameketi pale anakula, ananisikia." Aliuweka mwiko mapajani. Kisha, pasipo kutarajiwa hata naye mwenyewe, akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Mwanamume yule! Anaweza kukuambia saa ya mtu imechelewa sekunde mbili, na yeye amechelewa miaka thelathini na moja."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Kisha Mwalimu alisimama, akainyoosha nguo yake, akachukua ile pakiti iliyojaa nusu na nyingine nzima kutoka kabatini. "Inataka kiasi gani?"

"Sijui. Yeye hakuandika."

"Lakini wewe una ulimi. Shuka ukalete kikombe cha bahari."

Maji ya kujaza bomba zima yasingepandishwa na magoti yao, lakini kikombe kimoja kilipanda bila kumwagika. Shangazi alionja bahari, akaonja bomba, akatema. Mwalimu akamimina chumvi, akakoroga kwa mpini wa ufagio. Shangazi akaonja tena. "Bado." Chumvi. "Bado kidogo." Chumvi. "Hapo." Ulimi ule uliosingiziwa maisha yake yote haukukosea. Waliteremsha chambo cha kwanza, na Mwalimu ndiye aliyebana saa sikioni, akihesabu kwa sauti ya darasani. Kilifika chini kwa tiki ishirini na saba.

"Ongeza risasi," alisema Mwalimu. "Amefeli."

*

Siku mbili kabla ya msimu kwisha, wavuvi wa mwambani waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Mwalimu alikuwa akiteremka njia ya mawe, amevaa gauni lake la samawati hafifu aliloshonewa na wifi yake, viatu vya mikanda, mkoba mkononi. Kinyozi alivua kofia. Dereva alificha sigara kama mwanafunzi.

Mwalimu alisimama kando ya jiwe la mumewe. Alikuwa hajawahi kuliona. Alitazama jinsi lilivyolika katikati kwa kukaliwa, kisha akawageukia watu.

"Kabla wifi yangu hajarusha, nina neno," alisema. "Wengi wenu nimewahi kuwaambia kwamba ana mkono mzito wa chumvi. Si kweli. Chumvi ilikuwa ikichukuliwa na marehemu mume wangu kwa kupimia vyambo, na dada yake akambebea lawama. Nimelisema mbele ya watu, nalifuta mbele ya watu."

Ni Dereva, bila shaka, aliyeshindwa kujizuia. "Kumbe Fundi alikuwa anaiba chum..."

"Chumvi yake mwenyewe," alisema Mwalimu, "kutoka jikoni kwake. Una swali lingine?"

"Sina, Mwalimu."

Shangazi hakugeuka. Pini zilikuwa ukosini na macho yake majini, kwa sababu asingeweza kumtazama wifi yake wakati ule na bado akaona. Alizungusha mshipi, akauachia. Chambo kiliruka, kikaingia bila kishindo. Aliacha. Alihisi kikiteremka, ngazi moja, ngazi ya pili, kama mtu anayejua njia ya kwao. Vuta, vuta, acha. Hakuna kitu. Akarusha tena. Jua lilisogea. Kinyozi alikuwa ameweka mshipi wake chini, anatazama tu.

Mara ya tisa au ya kumi, wakati wa kuacha, kile kitambaa kilicholowa kikaja.

"Usilegeze," alinong'ona Kinyozi. "Mama yangu, usilegeze."

Hakulegeza. Alivuta mkono kwa mkono, sawasawa, kama mtu anayevuta uzi mrefu ambao hautaki kukatika. Mweupe, mwekundu, mweupe. Mwalimu alisogea mbele na viatu vyake vya mikanda ili aone. Ngisi alitoka majini, akapanda ukingo wa jiwe, akageuza tumbo, na kwa nguvu zake zote akatema.

Wino wote uliingia kwenye gauni la samawati.

Mwalimu alijitazama kuanzia kiunoni hadi pindoni. Jiwe lilikuwa kavu na safi kama sahani, hata tone halikuligusa.

"Sasa hapo," alisema Dereva polepole, "sheria inasema wino uanguke juu ya jiwe. Sijui kama mwalimu anahesabiwa."

Watu walimtazama Kinyozi, maana ndiye aliyekuwa na haki ya kukataa. Magoti yake yalikuwa yakimuuma tangu asubuhi. Alifungua kinywa, lakini Mwalimu alimtangulia.

Aliuweka mkoba chini. Akainama, mwanamke yule ambaye hakuonekana mtaani na kunyanzi hata siku ya kufua, akakusanya pindo la gauni lake mbele ya watu wote, akalikamua kwa mikono miwili juu ya jiwe. Matone yalianguka moja moja, meusi, kwenye lile bonde dogo lililolika kwa miaka ya kukaliwa.

"Inatosha?" aliuliza.

"Inatosha," alisema Kinyozi. Na aliposema alikuwa akitabasamu. "Sahihi ya watu wawili. Haijawahi kuonekana hapa."

Shangazi alikuwa bado amemshika ngisi. Alichana ukurasa wa gazeti uliofungia vyambo, akamfunga humo mzima, vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi wifi yake kwa mikono miwili. Walikaa kwenye jiwe wote wawili, wamebanana, maana lilikatwa kwa mtu mmoja, wakangoja wino ukauke.

Madoa yale hayakutoka. Mwalimu hakujaribu sana kuyatoa. Wiki iliyofuata Shangazi alikata upande ule wa gauni, akapima, na miti saba iliyobaki katika droo ya Fundi Saa ikavishwa samawati yenye madoa meusi, tayari kwa msimu mwingine. Na pakiti ya chumvi katika nyumba ile ikarudi kuwa haikai.